Sura ya Sita: Shaba, Tona na Pasi ya Nguo

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha kujitawala kwake, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini mkabala wa Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza ulimwenguni iliyoundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Na kwa taadhima ya siku ile, setilaiti hiyo, iliyokuwa mali ya Wamarekani na iliyorushwa na Wataliani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, na katika orodha ya mwisho iliyotokana na uchunguzi wake zilitajwa asili 339 za miale hiyo. Na mwanachuoni aliyeiongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, alikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya fizikia katika mwaka wa 2002. Baina ya mwaka wa 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka maji yale yale, katika pwani ambayo hapo kale ilizoea kuagana na majahazi tu.

Fahari hiyo ni yetu kwa haki, wala siipunguzi. Lakini insafu hutulazimu kukiri kwamba katika jambo lile pwani yetu ilifanya kazi ya bandari, yaani kupokea shehena iliyofungwa kwingine na kuisafirisha; kwani mwili wa Uhuru ulijengwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na ala zake za uchunguzi zikaundwa Cambridge, Massachusetts, na bodi zote za saketi zilizokuwamo ndani yake zilichorwa na mikono isiyopata kuonja chumvi ya Ngomeni. Ilichukua takriban nusu karne mpaka tarehe 11 Mei 2018, ambapo 1KUNS-PF, mchemraba mdogo wenye sentimita kumi kila upande, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma na wa shirika la anga la Japani, ulitolewa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, ukawa setilaiti ya kwanza ya Wakenya wenyewe. Na Sapienza ndicho chuo alikosomesha Luigi Broglio, mwasisi wa kituo cha Ngomeni, ambacho leo hujulikana kwa jina lake.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu moja. Vijana wengi wa Malindi na Kilifi huingia katika fani ya umeme kwa mlango wa matengenezo: hufungua redio, hubadilisha kapasita iliyovimba, huunga waya uliokatika, na wengi wao wanafikia ustadi wa kustaajabisha katika kuifufua mashine iliyochorwa na mtu mwingine. Ustadi huo una heshima yake. Hata hivyo ni itikadi yangu kwamba mtu hajaimiliki fani mpaka aweze kukichora chombo kizima katika fikira zake, kisha akitoe kwa mkono wake mwenyewe. Na njia iliyo rahisi kuliko zote ya kulifikia daraja hilo, kwa mtu asiye na kiwanda wala mtaji, ni kutengeneza bodi ya saketi nyumbani kwa kuhamisha tona kutoka karatasini hadi kwenye shaba kwa joto la pasi ya nguo.

Bodi ya saketi, kabla ya kufanyiwa lolote, ni ubao mwembamba usiopitisha umeme, wa karatasi iliyogandishwa kwa gundi ngumu au wa nyuzi za kioo, aghalabu wenye unene wa milimita 1.6, uliofunikwa upande mmoja au pande zote mbili kwa utando wa shaba usiozidi sana sehemu 35 za elfu za milimita moja. Kazi yetu yote ni kuondoa. Shaba isiyotakiwa huliwa na dawa ikaisha, na ile iliyokingwa hubaki ikawa njia za umeme, zikiunganisha mguu wa kipuri hiki na mguu wa kipuri kile. Anayefikiriwa kuwa baba wa fikira hii ni Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna mwaka wa 1907, ambaye alipata kufanya kazi katika mambo ya matbaa kabla ya kuhamia Uingereza kwa sababu ya dhuluma waliyokuwa wakifanyiwa Mayahudi. Naye katika mwaka wa 1936, akiishi katika nyumba ya kupanga huko London, aliunda redio ambayo njia zake za umeme zilikuwa zimechapwa badala ya kuungwa waya kwa waya. Wenye kiwanda aliowaendea walimkatalia, kwa hoja kwamba kuunga nyaya ni kazi ya wasichana na ujira wao ni mdogo. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoipa fikira yake thamani, kwa kuwa mabomu ya kudungulia ndege yalihitaji saketi ndogo zisizoachia zinapotikiswa. Aliyewahi kufunua redio ya vali ya zamani akaona vurugu ya nyaya iliyomo chini yake hatashangaa kwa nini ulimwengu haukurudi nyuma tena.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya nasaba ya kazi yetu. Nusu ya pili ilizaliwa tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, katika jiji la New York, pale Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walipochukua bamba la zinki lililopakwa kiberiti, wakalisugua kwa leso mpaka likashika umeme tuli, wakalimulika kwa taa kupitia kioo kilichoandikwa, kisha wakalinyunyizia unga laini. Na unga ule ukashika pale penye maandishi tu. Walipolikandamiza bamba kwa karatasi ya nta na kuipasha moto, maandishi yakahamia karatasini na kudumu, nayo yalikuwa tarehe ya siku ile na jina la Astoria. Mashine zote za fotokopi na printa zote za leza ni uzao wa jaribio lile. Tona iliyomo ndani ya mashine hizo, ijapokuwa watu huiita wino, si wino hata kidogo. Ni unga wa plastiki uliochanganywa na masizi, ambao mashine huupanga kwa umeme tuli na kuuyeyushia karatasini kwa joto. Na kwa kuwa ni plastiki, ina sifa mbili ambazo kwetu ni neema: ikipashwa moto mara ya pili hulainika tena na kushika kitu kingine, na ikipoa haidhuriwi na dawa ilayo shaba. Printa za wino wa maji hazifai kabisa kwa kazi hii, na kila mwaka wako wanaopoteza karatasi zao kwa kutolijua hilo.

Sasa na tuchukue mfano wa kazi yenyewe, nao uwe wa haja za hapa petu. Majumba mengi ya Magarini na Ganze huangazwa kwa sola, na betri zinazotumika aghalabu ni za asidi za volti 12. Betri ya namna hiyo, ikiwa imejaa na imetulia, huonyesha takriban volti 12.7 kwenye mita. Ikishuka hadi karibu na 11.8 imekwisha nguvu, na ikiachwa katika hali hiyo mara kwa mara, salfeti ya risasi huganda juu ya mabamba yake kwa fuwele ngumu zisizorudi kuyeyuka, betri ikafa kabla ya umri wake. Dawa yake ni kidhibiti kidogo kitakachoikata taa kabla betri haijazimia. Humtaka mtu chipu moja ya miguu minane, kama vile LM393, ambayo kazi yake ni kulinganisha volti mbili na kusema ipi iliyo kubwa; diodi ya zena ya kutoa volti isiyobadilika ya kulinganishia; rezista chache, transista moja na rilei.

Na hapa ndipo mchoraji anapotofautiana na mkarabati. Kidhibiti kikipangwa kukata kwenye volti 11.8 na kurejesha kwenye volti hiyo hiyo, kitafanya kichaa: mara tu taa inapokatwa, betri hupumua na volti yake hupanda, kidhibiti hudhani mambo yamekuwa mema na kuiwasha, volti hushuka tena, na rilei huanza kugonga tak-tak-tak usiku kucha mpaka meno yake yaungue. Lazima pawe na nafasi baina ya kukata na kurejesha, mathalani kukata kwenye 11.8 na kungoja mpaka 12.5, na nafasi hiyo huletwa na rezista moja tu inayorudisha sehemu ya jibu la chipu kwenye swali lake. Thamani ya rezista hiyo hutegemea betri iliyopo, urefu wa waya uliotandazwa nyumbani na taa ngapi zinawashwa; na hayo huyajua mtu aliyelala katika nyumba ile, si mtu wa ng'ambo aliyechora kidhibiti cha kuuzwa duniani kote.

Mchoro waweza kufanywa kwa penseli juu ya karatasi ya mraba, na wazee wa fani walifanya hivyo. Lakini siku hizi hapana udhuru wa kutojifunza KiCad, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka wa 1992 na ambayo hupatikana bila malipo yoyote. Miguu ya chipu hukaa umbali wa milimita 2.54 baina ya mmoja na mwingine, na umbali huo ndio unaoamua mengine yote. Kwa anayeanza, njia zisipungue milimita moja kwa upana, na zile zinazobeba mkondo wa taa zipewe milimita tatu au zaidi, kwa kuwa shaba nyembamba ikipitishwa mkondo mkubwa hupata moto. Jambo linalowatatiza wengi ni suala la kugeuza mchoro. Kanuni yake ni nyepesi: andika herufi mbili tatu katika upande wa shaba wa mchoro wako, na karatasi itokapo katika printa herufi hizo zisomeke kinyume, kama zionekanavyo kwenye kioo, kwani karatasi italazwa kifudifudi juu ya shaba, na kilichopinduka kitapinduka tena kikawa sawa.

Karatasi ya kuchapia ni ile ya kung'aa ya majarida, ambayo ngozi yake ya juu haimezi tona bali huishikilia kwa muda, kisha huilegeza ikilowa maji. Maduka ya fotokopi yamejaa mjini Malindi, na Kilifi karibu na Chuo Kikuu cha Pwani hayakosekani. Mwombe mwenye duka akuwekee tona iwe nzito kadiri mashine inavyokubali, na karatasi uikate kwa kipimo cha karatasi ya kawaida isije ikakwama. Usiishike kwa vidole pale penye mchoro.

Bamba la shaba husuguliwa kwa msasa laini au kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka ling'ae kila mahali, kisha hupanguswa kwa asetoni, ambayo wauza vipodozi huiuza kwa kuondolea rangi ya kucha. Katika pwani hii usafi huo una ajali yake: hewa yetu imejaa unyevu na chumvi, na shaba iliyosafishwa asubuhi ikaachwa wazi barazani, jioni huwa imeanza kufifia. Kwa hivyo sugua na upige pasi saa ile ile. Pasi iwekwe kwenye joto la juu, lile la nguo za pamba, na isiwe na maji ndani yake, kwa maana mvuke huiinua karatasi. Laza bamba juu ya ubao mgumu, weka karatasi juu yake kifudifudi, funika kwa karatasi nyingine safi, ukandamize kwa uzito wa mwili pasi ikiwa imetulia mpaka bamba lote lipate moto. Kisha ndipo uipitishe pasi polepole kwa ncha yake, ukifuata kingo, kwa sababu kingo hupoa upesi na ndizo zinazobanduka kwanza. Pasi ya makaa nayo yaweza kufanya kazi siku umeme unapokatika, lakini joto lake halidhibitiki kwa urahisi, na tona ikipata moto kupita kiasi huvujika na njia mbili zilizo jirani zikashikana.

Bamba likisha kupoa kidogo, litumbukize katika maji ya vuguvugu na uliache mpaka karatasi ilainike yenyewe. Aliye na haraka huibandua, na pamoja nayo hubandua njia zake. Karatasi iliyolainika husuguliwa kwa kidole gumba ikatoka vipande vipande kama uji, na chini yake huonekana mchoro mweusi umeganda juu ya shaba ya rangi ya machungwa. Nami sijui katika kazi zote za fundi wakati unaofurahisha moyo kuliko huo, ambapo fikira iliyokuwa kichwani juzi inaonekana kwa macho katika madini. Penye tundu au mkato, paka kwa kalamu ya wino usiofutika.

Dawa inayotumika sana ni feriki kloridi, ambayo huchukua shaba kutoka bambani na kuigeuza kloridi ya shaba, nayo yenyewe ikabaki kloridi ya chuma ya daraja la chini. Kama imenunuliwa ikiwa unga, utie unga ndani ya maji kidogo kidogo, wala usimwagie maji juu ya unga, kwani huchemka kwa ghafula. Chombo kiwe cha plastiki. Sufuria ya alumini italiwa pamoja na bodi, na nguo ikirukiwa na tone moja hubaki na doa la kahawia mpaka ichakae. Vaa glavu na miwani, na ufanye kazi nje, ukisimama upande unakotoka upepo. Dawa hii hufanya kazi kwa upesi ikiwa na joto la nyuzi 40 au zaidi kidogo, na hapo jua letu ni msaidizi mwaminifu: chombo kilichoachwa uani mchana wa kaskazi hakihitaji jiko. Kitikise polepole, dawa isikae mahali pamoja, na uangalie shaba ikianza kutoweka pembezoni mwa bodi ikielekea katikati. Wako wanaotumia asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na haidrojeni peroksidi, ambayo ni ya haraka zaidi. Mimi siisifu kwa matumizi ya nyumbani, maana hutoa gesi ya klorini, na nyumba zetu zina watoto.

Baada ya kuoshwa, bodi hupanguswa tona kwa asetoni, hutobolewa matundu ya milimita 0.8 kwa keekee ndogo ya umeme, na vipuri huchomekwa na kulehemiwa. Haya ni mambo ambayo fundi yeyote wa redio ameyazoea, nami sitayarefusha. Ila nataka kukaa juu ya lile ambalo vitabu vya nchi baridi havilitaji. Bodi itokayo kiwandani huvikwa ngozi ya kijani ya kuikinga shaba. Yetu iko uchi, na Kilifi au Mambrui shaba iliyo uchi hushika kutu ya kijani kwa muda mfupi, na kutu hiyo ikinyonya unyevu huvusha umeme kidogo baina ya njia na njia, kiasi cha kuidanganya ile chipu ilinganishayo volti. Zamani sufuria za shaba zilitiwa bati ndani ili kutu isiingie katika chakula, na bodi nayo hufaa kutendewa vivyo hivyo: pitisha lehemu nyembamba juu ya njia zote kwa ncha ya chuma cha kulehemia, zikawa nyeupe. Kisha, kazi ikisha kujaribiwa na kuthibiti, paka vanishi pande zote mbili, isipokuwa pale nyaya zinapofungwa. Na bodi ya namna hii itumike kwa volti ndogo za betri tu. Umeme wa nyumbani wa volti 240 wataka nafasi na kinga ambazo pasi ya nguo haiwezi kuzihakikisha.

Atauliza mtu, na ana haki ya kuuliza, kwa nini tuhangaike, ilhali viwanda vya Shenzhen hutengeneza bodi tano zilizo bora kuliko zetu, zenye matundu yaliyovikwa shaba ndani na maandishi meupe juu, kwa bei ndogo. Ni kweli, na anayetaka bodi mia moja asiziguse kwa pasi, aagize. Lakini bodi iliyoagizwa huja baada ya majuma, na ikiwa mchoro ulikuwa na kosa, kosa hilo huja pamoja nayo mara tano. Na mwanafunzi anayepata jibu la swali lake baada ya mwezi hujifunza polepole mno, au huacha. Kwa pasi, kosa la asubuhi huonekana alasiri, na mchoro uliosahihishwa huwa umekwisha kuwa shaba kabla ya magharibi. Hii ndiyo sababu nasema njia hii ni madrasa. Atakayepita humo, hata kama baadaye ataagiza bodi zake zote kutoka Uchina, atakuwa ameagiza mchoro wa kwake.

Limebaki jambo la dawa iliyotumika, nalo nalihesabu kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Dawa iliyokwisha nguvu imejaa shaba, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa viumbe vya baharini. Ndiyo maana rangi zinazopakwa chini ya meli hutiwa shaba, ili viumbe hivyo visishike. Ardhi yetu ya pwani, kwa sehemu kubwa, ni mawe ya matumbawe yenye vinyweleo, na kinachomwagwa chooni au uani hushuka kwenye visima na kutokea baharini, katika maji yale yale ya hifadhi za Malindi na Watamu zilizotengwa tangu mwaka wa 1968, na katika mikoko ya Mida. Kwa hivyo mimina dawa katika ndoo pana ya plastiki, ongeza maji, kisha tia magadi yaletwayo kutoka Ziwa Magadi, yale yale yanayolainishia kunde jikoni, kidogo kidogo, kwa sababu hutoa povu jingi. Endelea mpaka povu likome. Shaba na chuma vitaganda na kutuama chini, maji yakabaki juu. Chovya msumari mpya katika maji hayo kwa robo saa: ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, magadi hayajatosha. Ukitoka kama ulivyoingia, maji yachujwe, na mashapo yaachwe kivulini yakauke, mahali pasipofikiwa na kuku wala mtoto, kisha yachanganywe na saruji na mchanga yakafinyangwa tofali; nalo tofali hilo lisijengewe kisima wala tangi la maji.